Msafiri na Saa Zake: Mazungumzo juu ya Mabadiliko ya Saa Safarini

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeupanga usiku na mchana kwa hekima yake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Jambo lililowekwa mbele ya hadhara hii laweza kuonekana dogo. Ni habari ya mtu anayetoka katika nchi yenye saa yake, akafika katika nchi yenye saa nyingine. Watu wengi husafiri siku hizi. Wako waendao Kigoma na Ujiji kuwaamkia jamaa zao. Wako waendao Dubai na Guangzhou kununua bidhaa. Wako waendao Ubelgiji na Kanada kuwatazama watoto na wajukuu wakati wa likizo. Na wako wale waliobarikiwa kwenda Hija. Kila mmoja hujitayarisha kwa nauli, kwa nguo, kwa pasipoti na kwa zawadi. Ni wachache wanaojitayarisha kwa saa. Na hali saa ndiyo inayomfungia mtu swala yake, saumu yake, dawa yake, na chombo chake cha safari. Mwenye kuipoteza saa huenda akapoteza mojawapo ya hayo, na mengine hayalipiki kwa fedha.

Yafaa kuanza na mfano ulio karibu, kabla ya kwenda mbali. Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: Burundi, Kongo, Zambia na Tanzania. Katika nchi tatu za kwanza, watu wa pwani za ziwa hufuata saa moja, nayo imetangulia saa ya Greenwich kwa saa 2. Tanzania peke yake hufuata saa iliyotangulia kwa saa 3. Basi mtu akitoka Bujumbura kwenda Kigoma, hapana budi asogeze mshale wa saa yake mbele kwa saa nzima. Walakini miji hii miwili iko karibu chini ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Jua linapowachea watu wa Buyenzi, ndipo linapowachea watu wa Ujiji, tofauti ikiwa ni dakika chache tu. Saa ya ukutani Bujumbura itasema ni saa 12 asubuhi, na ya Kigoma itasema ni saa 1, ilhali jua ni lile lile, na muadhini wa huku na muadhini wa kule wananadi karibu kwa pamoja.

Sasa na atazamwe mfanyabiashara anayepita mpaka wa Mugina kuingia Manyovu katika mwezi wa Ramadhani. Mfukoni anayo ratiba ya kufuturu aliyoichukua msikitini Bujumbura, nayo imeandikwa kwamba Magharibi ni saa 12 na dakika 5. Alipovuka, kama mtu mwenye adabu ya safari, aliisogeza saa yake ikawa ya Tanzania. Jioni akaitazama saa, akaona imefika saa 12 na dakika 5, akafungua ratiba yake, akaona wakati umewadia, akala tende. Lau angaliinua macho angaliona jua bado liko juu ya vilima, na kwamba imebaki saa nzima. Huyu hakufanya uvivu wala dharau. Alichanganya saa ya mji mmoja na ratiba ya mji mwingine, na siku yake ya saumu ikampotea. Kutokana na mfano huu yapatikana kanuni ya kwanza ya msafiri, nayo ni fupi: saa na ratiba zisitengane. Ama mtu abaki na saa ya kwao pamoja na ratiba ya kwao, tena kwa safari ya karibu chini ya jua lile lile tu. Ama achukue saa ya ugenini pamoja na ratiba ya ugenini. Lakini asiitie moja ndani ya nyingine.

Simu za mkononi zimezidisha haja ya hadhari hii. Simu nyingi hujibadilisha saa zenyewe kwa kufuata mtambo ulio karibu, nao mtambo haujui mpaka wa dola. Mtu alalaye karibu na mpaka simu yake yaweza kushika mawimbi ya nchi ya pili, ikamwamsha saa nzima kabla au baada ya wakati alioukusudia. Basi mwenye kulala mpakani na atazame kwa macho yake simu yasema saa ya nchi gani, kabla ya kuitegemea kwa daku au kwa basi la alfajiri.

Huenda mtu akauliza, tofauti hii imetoka wapi, ikiwa jua ni moja? Elimu ya falaki yajibu hivi. Dunia ni duara, na duara ina madaraja 360. Nayo hujizungusha mara moja katika saa 24. Ukigawanya, kila saa moja dunia imegeuka madaraja 15, na kila daraja moja ni dakika 4. Kwa hiyo kila aendaye mashariki hulikuta jua limetangulia, na kila aendaye magharibi hulikuta limechelewa. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, na haikumdhuru mtu, kwani hapakuwa na chombo kilichomfikisha mtu mbali kwa siku moja. Zilipokuja reli, jambo hili likawa mashaka, maana treni moja ilipita katika miji mingi yenye saa mbalimbali, na haikuwezekana kuandika ratiba moja. Makampuni ya reli ya Marekani na Kanada yakaanza kutumia saa za majimbo makubwa tarehe 18 Novemba 1883. Mwaka uliofuata, 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na mkutano ule ukaamua kwamba mstari wa Greenwich, Uingereza, uwe ndio mwanzo wa kuhesabia.

Yafaa ijulikane basi kwamba saa ya serikali ni mapatano ya wanadamu. Ina manufaa makubwa, lakini si jua. Uchina ni nchi pana mno, na serikali yake hutumia saa moja tu kwa nchi yote. Kwa hiyo katika mji wa Kashgar, ulioko mbali magharibi ya nchi hiyo, ambako Waislamu ni wengi tangu zamani, jua hufika utosini karibu na saa 9 mchana kwa saa ya serikali. Kongo nayo ni pana, lakini imechagua kuwa na saa mbalimbali, Kinshasa ikiwa nyuma ya Lubumbashi kwa saa nzima. Na ndani ya Tanzania yenyewe, Unguja na Kigoma hutumia saa moja, lakini jua hufika Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kufika Unguja. Kwa sababu hiyo ratiba ya swala ya Unguja haimfai mtu wa Kigoma, ingawa saa zao za mkononi zimelingana. Hesabu ya serikali yamtosha mtu kwa ofisi, benki na bandari. Kwa ibada, jua ndilo shahidi.

Wanachuoni wa Kiislamu waliitambua habari hii mapema. Abul-Fidaa, aliyekuwa mtawala wa Hama katika nchi ya Shamu na bingwa wa jiografia, aliyefariki mwaka 1331, alieleza kwamba watu wawili wakiizunguka dunia, mmoja kwa upande wa mashariki na mwingine kwa upande wa magharibi, kisha wakarudi kwa yule aliyebaki nyumbani, hesabu zao za siku hazitalingana: mmoja atakuwa amezidisha siku, na mwingine amepunguza. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejulikana kuwa ameizunguka dunia. Ilipita karibu miaka 200, kisha jahazi lililobaki la msafara wa Magellan likafika visiwa vya Cape Verde mwaka 1522, baada ya kuzunguka kwa upande wa magharibi. Waliomo chomboni walihesabu kuwa ni Jumatano, na watu wa nchi kavu wakawaambia kuwa ni Alhamisi. Hesabu ya mwanachuoni ikathibiti.

Ndiyo maana pamewekwa mstari katika Bahari ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika. Nao mstari huo huweza kusogezwa kwa mapatano. Nchi ya Samoa, ili iende sawa na majirani wake wa biashara, ilivuka upande wa pili wa mstari mwishoni mwa mwaka 2011. Wakazi wake walilala Alhamisi tarehe 29 Disemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa tarehe 30 haikuwako kabisa katika nchi ile. Mwislamu akiisikia habari hii huona mara moja uzito wake.

Ama habari ya mwili, nayo ni mlango mwingine. Watu wa zamani walisafiri kwa ngamia, kwa miguu na kwa majahazi. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa, karibu na mwaka 1331, alikuwa amekwenda polepole kiasi cha mwili wake kupata nafasi ya kulifuata jua siku baada ya siku. Jahazi lililosafiri kwa musimu kutoka Unguja hadi Maskati lilibadilisha saa yake kwa kiasi ambacho baharia hakukihisi. Hata meli za moshi zilisogeza mshale wa saa kidogo kidogo kila usiku. Ndege ndiyo iliyoleta jambo jipya. Safari za kwanza za abiria kwa ndege ya jeti zilianza tarehe 2 Mei 1952, kutoka London kwenda Johannesburg, na ndege ile ilitua Entebbe njiani. Lakini ile ilikuwa njia ya kaskazini na kusini, na abiria walichoka kwa urefu wa safari tu. Taabu yenyewe ilidhihiri ndege za aina ile zilipoanza kukata dunia mashariki na magharibi.

Wataalamu wamegundua kwamba mwanadamu anayo saa ndani ya mwili wake. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali inapokutana mishipa ya macho, pana kundi dogo la chembe hai zipatazo 20,000, nazo ndizo zinazoongoza majira ya usingizi, ya njaa, ya joto la mwili na ya nguvu. Dalili ya saa za namna hii katika viumbe ilionekana kwanza katika mmea: mwaka 1729 mtaalamu wa Ufaransa, de Mairan, aliuweka gizani mmea wa aina ya kifauongo, akaona waendelea kufumbua na kufumba majani yake kwa majira yake, ingawa haulioni jua. Na mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kueleza namna saa hii inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili, waliyoichunguza katika nzi wadogo wa matunda.

Saa hii ya mwili haisogezwi kwa kidole kama saa ya mkononi. Inayoirekebisha zaidi ya vyote ni nuru inayoingia machoni. Nayo hukubali kusogea kwa kiasi cha saa moja au zaidi kidogo kwa siku. Kwa hiyo mtu aliyebadilishiwa saa 6 kwa usiku mmoja, mwili wake utahitaji siku kadhaa kumfikia. Katika siku hizo hukesha usiku, husinzia mchana, hukosa hamu ya chakula, tumbo humsumbua, na akili yake huwa nzito. Tena yajulikana kwamba kwenda mashariki ni kuzito kuliko kwenda magharibi. Sababu yake ni kuwa saa ya mwili ya watu wengi huzidi saa 24 kidogo, na kwa hiyo ni rahisi kwake kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Aendaye Hija kutoka nchi hizi mara nyingi husema kwamba mabadiliko ya saa yamemchosha. Lakini saa ya Makka ni sawasawa na saa ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, nayo yapishana na ya Bujumbura na Kigali kwa saa moja tu. Saa ya mwili wa haji wa nchi hizi haina sababu ya kulalamika. Kinachomlemea ni kukesha viwanja vya ndege, joto, msongamano, na kutokunywa maji ya kutosha. Dawa yake basi si kuhesabu saa. Ni kulala, kunywa maji, na kupumzika kabla ya kuingia katika amali. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekwisha kutufahamisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwani humzuia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Mambo hayo matatu ndiyo hasa anayotakiwa msafiri kuyalinda.

Mwenye kubadilishiwa saa kwa kweli ni yule aendaye Guangzhou, iliyotangulia saa ya Bujumbura kwa saa 6, au aendaye Montreal, iliyo nyuma yake kwa saa 7 wakati wa baridi na saa 6 wakati wa kiangazi. Na kila mmoja wao amewekewa mtihani wake katika swala. Aliyefika Guangzhou, Alfajiri humjia karibu na saa 11, na mwili wake bado unahesabu saa 5 usiku wa Bujumbura. Ndio kwanza unaingia katika usingizi mzito. Aliyefika Montreal wakati wa baridi haoni taabu ya Alfajiri, kwani ataamka mwenyewe mapema. Lakini Isha humkuta mwili ukihesabu saa 7 za usiku, na akijilaza kidogo baada ya Magharibi hainuki tena. Basi na ikumbukwe: aendaye mashariki na aichunge Alfajiri, na aendaye magharibi na aichunge Isha.

Sheria imemhurumia msafiri. Ameruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Aliyeko Montreal, akiwa bado ni msafiri, yamfaa akusanye Isha pamoja na Magharibi kabla usingizi haujamshinda. Lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, ruhusa hiyo hukoma kwake tangu anapofika. Naye mwili wake, kama ulivyokwisha kuelezwa, haujatulia kwa siku 4. Babu aliyekwenda kukaa mwezi mzima kwa mwanawe hana ruhusa ya msafiri, na bado mwili wake uko nyumbani. Mtu kama huyu asitegemee mazoea yake ya kuamka. Na aweke kengele ya simu, na awaombe wenyeji wake wamwamshe, wala asione haya.

Ama saumu ndani ya ndege, maulamaa wamefundisha kwamba aliye angani hufuturu kwa jua analoliona yeye mwenyewe, hafuturu kwa saa ya alikotoka wala kwa adhana ya mji ulio chini yake. Aliye juu huliona jua baada ya kuwa limekwisha kutua kwa walio chini. Jambo hili si la ndege tu. Mwaka 2011 idara ya fatwa ya Dubai iliwaelekeza wakazi wa jengo la Burj Khalifa kwamba walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika 3. Aendaye magharibi kwa ndege siku yake hurefuka, na aendaye mashariki siku yake hufupika. Na aliyeshindwa, Mwenyezi Mungu amempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na aliyeanza Ramadhani katika nchi moja akaimalizia katika nchi nyingine, hufuata watu wa pale alipo: akila Idi nao hali amefunga siku 28 tu, hulipa siku moja.

Wakati wa kiangazi nchi za Ulaya zina jambo jingine la kuangaliwa. Husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo Brussels wakati wa kiangazi ina saa sawa na ya Bujumbura, na wakati wa baridi imechelewa kwa saa moja. Mzee aliyezoea kuona jua likichwa karibu na saa 12 mwaka mzima, akifika Brussels mwezi Juni ataliona likichwa karibu na saa 4 za usiku. Asifungue dirisha na kungoja giza ndipo alale, kwani usiku wa huko ni mfupi na Alfajiri haiko mbali. Na katika Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichwi kabisa tangu nusu ya pili ya Mei hadi nusu ya pili ya Julai. Huko maulamaa wamewaongoza watu kukadiria nyakati, wakitegemea hadithi ile ya siku ndefu za Dajjali, ambamo Mtume aliamrisha swala zikadiriwe kwa kipimo chake. Hata yule mtu wa Malaysia aliyekwenda katika kituo cha angani mwaka 2007, ambako jua huchomoza na kuchwa mara 16 kwa siku, alipewa mwongozo na maulamaa wa nchi yake afuate nyakati za mahali alipoondokea. Dini haikumwacha mtu bila ya njia.

Yabaki mashauri machache ya matumizi, nayo yanamhusu kila msafiri wa mbali.

Kwanza, nuru. Aendaye magharibi na akae katika mwanga tangu alasiri hadi jioni, awe nje au penye taa kali, na asilale mpaka usiku wa wenyeji uingie. Aendaye mashariki kwa saa 6, siku za mwanzo asikae katika jua kali la asubuhi mapema, kwani mwili wake bado uko usiku, na nuru ya wakati huo huurudisha nyuma badala ya kuusogeza mbele. Akishaswali Alfajiri na akae ndani penye mwanga hafifu. Jua lenye faida kwake ni kuanzia karibu na adhuhuri hadi alasiri, kisha kila siku alitafute mapema zaidi.

Pili, usingizi. Kabla ya kuondoka, kwa siku 3 au 4, aendaye mashariki na alale mapema kidogo kila usiku, na aendaye magharibi na achelewe kidogo. Akishafika, usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Qailula ni sunna na ina faida, lakini ikirefuka huula usiku.

Tatu, chakula. Na ale kwa nyakati za wenyeji tangu siku ya kwanza, kidogo kidogo, na kahawa aiache tangu adhuhuri. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, kwa hiyo anywe maji kwa wingi ikiwa hakufunga.

Nne, na hili lina hatari ya roho: dawa. Mwenye maradhi ya sukari anayejidunga insulini, mwenye kifafa, mwenye presha ya damu, asiondoke bila ya kumwuliza daktari namna ya kugawa dawa yake siku ya safari. Aendaye mashariki siku yake imepunguka. Akijidunga kwa kufuata saa mpya bila ya mpango, sindano mbili huenda zikakaribiana mno, na sukari ikashuka hata akapoteza fahamu. Aendaye magharibi siku imerefuka, na huenda akakaa muda mrefu bila ya dawa. Daktari na aandike katika karatasi saa za kila dozi, na karatasi hiyo pamoja na dawa vikae katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Watoto wanaomwita mama yao mzee Ulaya au Kanada, jukumu hili ni lao kabla ya kununua tikiti.

Tano, gari. Aliyeshuka katika safari ndefu asiendeshe gari siku ile, hata akijiona yu macho. Saa 10 mchana ya wageni yaweza kuwa saa 10 alfajiri ya mwili wake, saa ambayo binadamu hulegea kuliko saa zote. Na aombe apelekwe. Vilevile asitie saini mapatano makubwa ya biashara siku ya kwanza, kwani wengi wameuza na kununua kwa hasara wakiwa nusu wamelala.

Wazee wa pwani na wa bara waliweka hesabu ya saa iliyosimama juu ya jua: saa moja baada ya jua kuchomoza ni saa 1, saa moja baada ya jua kuchwa ni saa 1 ya usiku, na usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua linapotua. Hesabu hiyo haikutokana na ujinga wa saa za Ulaya. Ilitokana na kuishi chini ya mbingu na kuziangalia. Msafiri wa leo amepewa saa ya serikali, saa ya simu, na saa ya mwili, nazo mara nyingi hazikubaliani. Aijue kila moja kazi yake: ya serikali kwa kazi na vyombo vya safari, ya mwili kwa afya, na jua kwa ibada. Akifanya hivyo hatachelewa basi la Kigoma, wala hataila saumu yake kabla ya wakati, wala hataleta msiba kwa dawa iliyochanganywa.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani, awatimizie haja zao, na awarudishe kwa watu wao wakiwa salama. Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.